Swali Alilolikimbia Kalunde

Kila Alhamisi Kalunde aliingia darasani kwa hofu. Somo lilikuwa falsafa, na mwalimu alikuwa Daktari Muthoka, mtu mpole wa sauti na mkali wa maswali. Alikuwa na desturi ya kumsimamisha mwanafunzi mmoja atetee jambo analoliamini mbele ya wenzake. Ukiamini siasa, tetea siasa. Ukiamini Mungu, basi ole wako.

Muhula uliotangulia alisimama Musili, mwenyekiti wa ushirika wa wanafunzi Wakristo, kijana aliyeweza kuhubiri sokoni Machakos mpaka akina mama wakaacha kupima mahindi. Daktari alimuuliza maswali polepole, moja baada ya jingine, hadi Musili akabaki anafungua na kufunga mdomo. Tangu siku hiyo hakuonekana tena kwenye ibada. Kalunde alipomdadisi, alijibu kwamba pale mbele alitafuta ndani yake akakuta hamna kitu. Maneno hayo yalimnyima Kalunde usingizi. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, na huyu hata hakuwa ameumwa. Alimwona tu mwenzake akiumwa.

Alikuwa na sababu ya kuogopa. Baba yake, mzee Mwanzia, mkulima wa ndengu kule Ekalakala, alikuwa ameugua figo miaka kadhaa nyuma. Jumapili moja mama yake, Kanini, alisimama kanisani akatoa ushuhuda kwa imani, yaani alimshukuru Mungu kwa uponyaji kabla haujaonekana, kama ilivyo desturi ya kanisa lao. Watu walipiga makofi na vigelegele. Ndengu hazijaanikwa, mzee akazikwa. Hakuna aliyeutaja ushuhuda ule tena, si mchungaji, si majirani, si mama mwenyewe. Kalunde naye aliufukia moyoni, na alijua wazi kwamba siku mtu akiufukua, yeye na imani yake wataagana kama Musili na yake.

Alhamisi hiyo Daktari alizungusha macho darasani, yakatua kwake. Akamwambia aje mbele atetee imani.

Msimwonee, alikuwa amejiandaa. Alikuwa na hoja kuhusu mwanzo wa ulimwengu na nyingine kuhusu dhamiri ya binadamu, amezikariri hata akiwa anafua. Lakini siku ya kufa nyani miti yote huteleza. Aliposimama mbele, hoja zilitoroka, na mdomo ukashika njia uliyoizoea tangu utotoni.

“Bwana asifiwe,” alisema.

Nusu ya darasa iliitikia “Amen” kabla haijajua inaitikia nini, kisha wote wakaangua kicheko. Aibu ilimwasha Kalunde mpaka masikioni, lakini ulimi ulikuwa umeshaanza kuteremka mlima bila breki. Akaeleza kwamba jina lake ni Kalunde, ameokoka, anampenda Yesu. Na kwa kuwa ushuhuda hauishii hapo, sharti useme Bwana alichokutendea, akajikuta anasimulia ugonjwa wa baba yake na mama yake aliyesimama kanisani kushukuru. Alijisikia akilikaribia lile jambo na hakuweza kujizuia. Kicheko kilikwisha kufa. Alipofika mahali ambapo mshuhudiaji husema Mungu akajibu, alinyamaza.

Daktari hakucheka. “Akapona?”

“Hapana.”

“Basi mama yako alikuwa akimshukuru nani, na kwa lipi?”

Kalunde alimtazama usoni.

“Sijui, Daktari,” alisema. “Hilo ndilo swali ninaloliogopa.”

Daktari alimshukuru kwa kusema kweli, akaongeza kwamba huo haukuwa utetezi. Kalunde alikubali kwamba haukuwa, akarudi kuketi. Somo liliendelea, yeye hakusikia neno.

Alipotoka alikwenda nyuma ya maktaba akampigia mama yake simu. Waliongea Kikamba. Kalunde alieleza yote, hata kicheko. Sasa aliogopa mara mbili: alikuwa amepoteza imani yake, na alikuwa ameianika aibu ya mama yake mbele ya watu asiowajua.

“Mwaitu,” aliita, kama Mkamba amwitavyo mama yake. “Siku ile kanisani, ulijua atapona?”

“Nilijua anakufa. Watu wa hospitali walikuwa wameshaniambia.”

Kalunde aliuegemea ukuta. Miaka yote alidhani mama yake alikuwa na uhakika, na kwamba uhakika huo ndio uliokuja kuaibishwa. Akamuuliza kwa nini basi alisimama kushukuru.

“Nilikuwa naogopa, mwanangu,” Kanini alisema. “Sikuwa na mahali pengine pa kuipeleka ile hofu.”

“Na tulipomzika?”

“Niliipeleka palepale. Hata leo asubuhi nimeipeleka.”

Kalunde alilia bila kujificha, wanafunzi wakimpita wakielekea kula. Alikuwa angali anaogopa, tena sana. Akamsihi mama yake asikate simu kwanza, waombe.