Migebuka Ndani ya Begi

Kosa langu kubwa la kwanza lilinuka samaki. Walikuwa migebuka wanne waliokaushwa kwa moshi, nimewafunga kwa karatasi ya mfuko wa simenti na kuwasukumia chini kabisa ya begi langu, kati ya kaptula na daftari. Mpaka leo nikipita kwenye meza za samaki sokoni Mpanda, harufu ile ya moshi na mafuta hunifanya nishike begi langu kabla sijakumbuka kwa nini. Ilikuwa miaka ya tisini, nina umri wa miaka kumi na mmoja, mtoto asiyeweza kulala kama kiatu kimoja kimepishana na kingine. Wahenga walisema kuteleza si kuanguka. Mimi niliona kuteleza na kuanguka ni kitu kimoja, tena mbele ya watu.

Tuliishi Kasokola, mwendo wa saa tatu kwa miguu kutoka mjini, na kiangazi kile tulikuwa tunakwenda Kaliua kwa treni, kwa Bibi mzaa mama. Ili tuwahi foleni ya tiketi ilibidi tutoke usiku. Niliisubiri safari ile kwa hofu ya wiki mbili nzima. Kila jioni nilimsikiliza Baba akizungumza na wenzake warina asali, na kila walichosema kuhusu kutembea usiku nilikiandika: usikimbie, mtoto mdogo akae katikati, ongeeni kwa sauti mnyama asije akashtuka, mkiona macho yanawaka simameni pamoja, msimpe mgongo. Kanuni ya mwisho ilisema usiku usibebe nyama wala samaki, kwa sababu fisi ana pua. Nyumbani wakaniita Karani. Sasa Bibi alikuwa ameagiza migebuka, na Mama akasema tutanunua mjini. Lakini samaki walikuwa kwenye orodha yangu ya mizigo, na mbele ya neno hilo hapakuwa na alama ya vema. Nafasi ile tupu iliniwasha siku nzima. Jioni nikawachukua wanne kutoka kichanjani juu ya jiko, nikatia alama yangu, nikalala vizuri.

Tulitoka bila mwezi. Mama alitangulia na tochi, akifuatwa na mdogo wangu Neema, wa miaka mitano, aliyekumbatia kuku wa kumpelekea Bibi. Nilifuata mimi, na nyuma kabisa Baba na panga lake. Nyasi zilikuwa zimechomwa kando zote mbili za njia. Majivu yaliruka kila tulipokanyaga na kutuingia puani. Baba alisimulia habari za mizinga yake kwa sauti kubwa, kama mtu anayezungumza na kiziwi, na Mama akamwitikia hivyo hivyo. Saa ya kwanza ilipita. Kisha nyuma yetu, upande wa kushoto, ikapanda ile sauti inayoanza chini kama mtu anayeugua na kuishia juu kama mtu anayeuliza. Ya pili ikaijibu upande wa kulia.

“Huyo anacheka nini?” Neema akauliza.

“Anacheka Karani anavyotembea,” Baba akasema, lakini hakucheka. “Sogeleaneni. Msikimbie.”

Tukaenda. Sauti hazikubaki nyuma kama Baba alivyotarajia. Mama alipogeuza tochi tuliona macho, jozi mbili, kisha tatu, ya kijani, yakiwa chini chini, hayana haraka. Tukipiga kelele yanarudi nyuma. Tukinyamaza kuvuta pumzi yanasogea. Nilijua wanachokitaka ni Neema au ni begi langu, na kwamba fisi hatachagua kwa uangalifu kama mimi.

“Hawa wanafuata kitu,” Baba akasema. “Kuna mtu ana nyama hapa?”

“Nyama ya wapi, baba Neema,” Mama akajibu.

“Wewe, Karani?”

“Sina.”

Nililitamka bila kutetemeka. Ndilo jambo ninaloliona aibu zaidi ya yote: kwamba sauti yangu ilitoka safi. Nilikuwa naogopa fisi, lakini niliogopa zaidi Baba ajue kuwa mwandishi wa kanuni ndiye aliyezivunja. Tukatembea labda hatua mia mbili, na harufu ya migebuka ikawa inapanda kutoka mgongoni mwangu mpaka nikashangaa wengine hawaisikii.

“Basi ni huyo kuku,” Baba akasema. “Neema, mlete. Tumuache.”

Neema hakulia kwa sauti. Alimbana kuku kifuani akawa anatikisa kichwa tu, na Mama akaanza kumfungua vidole kimoja kimoja, huku tochi ikiyumba mkononi mwake na giza likitukaribia. Hapo ndipo nikasema.

“Ni mimi. Nina samaki.”

Hakuna aliyenipiga. Baba alinyoosha mkono, nikampa kifurushi. Nikamwambia akiache pale njiani twende.

“Njiani?” Baba akasema. “Na wale akina mama wanaopeleka mkaa mjini kila alfajiri, wanaokuja nyuma yetu?”

Tukafika ukingo wa kijito. Baba akakizungusha kifurushi juu ya kichwa akakitupa mbali, ng'ambo kwenye mabonde ambako moto haukufika, na tukasikia nyasi zikipasuliwa kuelekea huko, kisha ugomvi wao. Mpaka tunaona taa za kwanza za mji, hakuna aliyeniita Karani.

Mama na Neema walitangulia stesheni kupanga foleni. Mimi Baba alinisimamisha penye nyumba za mwanzo tuwasubiri wale wa mkaa. “Utawaambia kwa mdomo wako,” alisema. “Fisi akishakula mahali huparudia. Sisi tunarudi kwa njia hii, na wao pia.” Kulipoanza kupambazuka wakafika wanawake wanne na magunia vichwani. Nikawaambia. Mmoja alinitazama sana.

“Kumbe wewe ndiye uliyewapikia. Tumekaa juu ya mti muda mrefu tukiwasikia wanakula.” Akaweka sawa kata ya nguo chini ya gunia lake. “Asante kwa kusema. Tutarudi mchana.”

Treni tuliipata. Bibi alipewa kuku, na Neema alikataa kumla.

Siku hizi ukitaka kutoka Kasokola alfajiri unaita bodaboda, na mara zote nilizopita njia ile usiku sijamsikia fisi. Watu husema mficha uchi hazai. Sisi tulikaribia kumpoteza aliyekwisha kuzaliwa. Mimi bado ni mtu wa orodha, na mlango naukagua mara tatu kabla ya kulala. Kilichobadilika ni kwamba nikikosea nasema palepale, kabla mtu hajafunguliwa vidole aachie kuku wake.