Mwisho wa Kitabu Changu Sikuuandika Mimi

Admin, nifichie jina, nakuomba. Mimi ni mama wa miaka thelathini na tisa, naishi Butere, nauza nguo za mitumba sokoni, na siku hizi naitwa mwandishi. Kitabu chenyewe sitaki hata kukiona. Sitanii. Kiko kwa maboksi chini ya kitanda changu, na kila nikiinama kutafuta viatu nakutana nacho.

Wacha nieleze. Mdogo wangu, tumwite Nekesa, aliolewa Mayoni na dereva wa trekta ya miwa. Huyo mwanaume alikuwa anampiga hadi majirani wakazoea. Mwaka juzi Nekesa alinijia na watoto wake wawili, mdomo umefura, nikampa chumba cha nyuma. Wakati huo nilikuwa nikiandika hadithi kwa simu nikingoja wateja, naziweka Facebook, watu wanasoma. Nikamuuliza kama naweza kuandika yake, nibadilishe majina. Akaniambia, "Andika, dada. Mimi siwezi kuongea mbele za watu. Wewe ongea."

Nikaandika. Yeye ananisongea obusuma, ugali wetu, mimi niko kwa simu. Nilikwama sana pale mwanamke anapotoka kwa mume. Naandika, nafuta, naandika, nafuta, hadi nikataka kuacha. Mwishowe ikakuja. Mwanamke anabeba watoto, anakodi shamba huko Chekalini, anapanda mahindi. Mume akienda kumrudisha anamkuta anapalilia, na hata jembe haweki chini. Nilimsomea Nekesa huo mwisho jikoni. Alicheka mpaka akashika ukuta, halafu akaniomba nirudie.

Wachapishaji hawakunijibu, nikaamua kuchapisha mwenyewe. Nikaelekezwa kwa jamaa mmoja Kakamega mjini, ana kompyuta na mashine, anajiita mhariri. Akasema atanyoosha Kiswahili na kutengeneza jalada. Aliponiletea nakala ya kukagua, tayari nilikuwa nimeitisha ukumbi wa kanisa na kualika watu. Nikasoma kurasa za mwanzo, nikaona ziko sawa, nikaangalia jina langu pale mbele, roho ikajaa. Nikamwambia apige chapa. Sikufika mwisho. Hapo nitukaneni, nimekubali.

Siku ya uzinduzi ukumbi ulijaa. Majina nilibadilisha, lakini kila mtu alijua ni hadithi ya Nekesa. Hata yule shemeji wa Mayoni, mume wa Nekesa, alikuja, amevaa suti, amekaa mbele. Mama mchungaji akaombwa asome kidogo, akafungua ukurasa wa mwisho. Jamani! Nikasikia mwanamke wangu amerudi kwa mume. Ati ameota ndoto, ameokoka, akapiga magoti, akachukua beseni akamwosha mume miguu akimwomba msamaha. Yeye! Amwombe yule msamaha! Akina mama wakalia. Watu wakasimama wakapiga makofi. Mimi nilikuwa nimeshika kipaza sauti, nikatabasamu kama mjinga, nikasema asanteni. Mpaka leo hiyo asante inanichefua kuliko kitu kingine chochote.

Nekesa alikuwa nyuma akigawa soda. Aliniangalia mara moja tu, akaendelea kugawa.

Kesho yake nilimwendea yule mhariri nikiwaka. Hakuinua hata macho kwa kompyuta. "Madam, kitabu cha mwanamke kuacha bwana nani atanunua hapa? Soko lako ni akina mama wa kanisa. Mimi nimekusaidia. Na nakala ya kukagua si nilikupa?" Ningemrushia kiti, ni vile nakala kweli alinipa.

Niliporudi nyumbani nikamkuta Nekesa anakunja nguo za watoto. Nikamweleza si mimi, ni huyo mtu. Akasema polepole, "Dada, jina ni lako. Ulinisomea ingine jikoni, ukachapisha ingine. Kama tumekuchosha ungeniambia tu kwa mdomo." Nililia, nikamwonyesha kwa simu nilivyomwandikia mhariri. Akasema hiyo naweza kuwa nimeirekebisha leo baada ya kuona amekasirika. Akaondoka na watoto, akarudi Mayoni.

Sasa nikipiga simu yake, anayeshika ni mume. "Shemeji mwandishi! Umetujengea nyumba. Bibi ametulia." Anacheka. Ptuu! Nilienda huko wiki jana. Kitabu kimewekwa juu ya meza sebuleni, kimefunikwa kitambaa kama Biblia, na mdogo wangu amevaa sweta ya mikono mirefu na jua linawaka. Nikamwambia twende. Akaniuliza, "Niende wapi? Watu wote wamesoma nimerudi."

Na sasa kanisa limenunua hivyo vitabu vilivyobaki. Jumapili hii kila mama aliyeolewa atapewa kimoja, mimi ndiye wa kuvigawa, na Nekesa na bwana yake wataitwa mbele watoe ushuhuda. Mama mchungaji ni mtu mzuri, hajui mwisho ulibadilishwa wala kwamba ngumi hazijaisha, amefurahi hadi amenishonea kitenge.

Nikisimama niseme huo mwisho si wangu, na huyo bwana ni yule yule wa ngumi, nitaharibu ibada, nitaitwa mwongo aliyesema asante kwa makofi, na huenda Nekesa akalipia akifika nyumbani. Nikinyamaza, nitakuwa nimegawa kwa mikono yangu kitu kinachomfungia mdogo wangu mlango, yeye na wanawake wengine sijui wangapi.

Nishaurini ndugu zangu, Jumapili nifanye nini? Niseme mbele ya wote, ama nitafute njia ya kumtoa kwanza? Lakini mtu asiniandikie hapo chini ati tuvumilie, tusamehe, ndoa ni maombi. Hiyo tayari imechapishwa, na jina langu liko juu yake.