Memori Iliyokataa Kuingia

Siku ile tulikuwepo watu watano. Mimi, dada mkubwa. Mdogo wangu wa kiume anayenifuata, aliyemaliza kidato cha nne na kubaki nyumbani. Mdogo wetu wa mwisho, msichana wa darasa la saba. Shangazi yetu, dada wa marehemu baba, aliyetoka Kaole na vumbi lote la njia miguuni. Na fundi wa kompyuta wa Mapinga, kijana mpole aliyevua viatu mlangoni ingawa sakafu yetu ni simenti iliyochimbika. Ilikuwa Jumapili, baada ya swala ya alasiri.

Fundi alimsalimia shangazi kama tunavyomsalimia sisi. "Shikamoo shangazi."

"Marahaba. Wewe ndiye utakayenionyesha mabati yangu yamegeuka kitu gani?"

Walicheka wote isipokuwa mimi. Pesa ilikuwa yake. Wanawake wa Kaole walikuwa wamempa zamu yake ya upatu, na yeye alikuwa ameipangia mabati ya kuezeka upya chumba anacholala, kwa sababu bati la zamani lilikuwa limetoboka kama chujio. Mimi ndiye niliyemwendea nikamwomba atuazime, na nikamwambia kwa kinywa changu kwamba kabla ya masika itakuwa imerudi mkononi mwake. Alinitazama, akasema, "Kama ni wewe unayesema, chukua." Tangu siku hiyo nilikuwa nikitoka nje asubuhi kwenda mnada wa samaki, ninakokaanga samaki wa kuuza, na kitu cha kwanza ninachokitazama ni mawingu.

Wazo lilikuwa la mdogo wangu. Chumba chetu cha mbele kina mlango wa barabarani. Kibanda cha gemu kilicho karibu na stendi kinajaa kila jioni, na yeye mwenyewe alikuwa anashinda huko akiwatazama wenzake. Tukiwa na kompyuta ya gemu, alisema, nusu ya wale watahamia kwetu. Mimi niliachia shule kidato cha pili mama alipofariki, na kompyuta nilikuwa nimezishika kwa kuzifuta vumbi tu, kwenye ofisi niliyoifanyia usafi. Lakini biashara ya watu kukaa na kulipa naielewa.

Kwetu hakuna mtu anayejenga nyumba kwa mara moja. Baba alituachia kiwanja Mapinga chenye msingi mtupu, na kila samaki wakitoka vizuri mimi nanunua tofali. Tofali la mwaka juzi linakaa bila ugomvi juu ya tofali la mwaka huu. Basi na kompyuta tukaijenga hivyohivyo. Tulianza na kasha lake, kwa kuwa lilipatikana rahisi. Tukapata kioo. Halafu mtu mmoja kwenye kundi la simu akatangaza anauza memori, kumbukumbu ya kompyuta, ukubwa wake jibi kumi na sita, kwa bei ambayo mdogo wangu aliisoma mara mbili. Nikamwambia, "Nunua tuweke, itapanda bei." Ilikuwa kipande chembamba cha kijani, kirefu kama kitana. Niliifunga kwenye kitambaa nikaiweka kabatini pamoja na sahani za wageni. Baadaye tukanunua mazabodi, ule ubao ambao vitu vyote vinakaa juu yake. Iliyobaki ilikuwa prosesa, ambayo mdogo wangu aliita akili ya mashine, na fundi alikuwa amekuja na mbili kutoka Kariakoo ili tuchague.

Fundi alisema aanze na memori kwa kuwa ni kazi nyepesi. Akaishika kwa ncha za vidole, akaiweka juu ya nafasi yake, akasimama. Akaigeuza. Akaiweka tena.

"Imegoma?" aliuliza mdogo wetu wa mwisho.

"Si uikandamize?" shangazi akasema. "Mlango mpya siku zote unabana."

"Nikikandamiza navunja mazabodi, shangazi."

Alituita tusogee. Kwenye ukingo wa memori kulikuwa na pengo dogo, na kwenye nafasi ya mazabodi kulikuwa na kijiti kidogo cha kuingia kwenye pengo hilo. Havikukutana. Vilipishana kwa upana wa punje ya mchele.

"Lakini ni jibi kumi na sita!" mdogo wangu alisema. "Imeandikwa hapo."

"Ni kumi na sita kweli, bwana mdogo. Ila ni ya kizazi cha zamani. Mazabodi hii ni ya kizazi kilichofuata. Ukubwa hausaidii kitu, hazioani."

Nilichukua simu nikampigia muuzaji palepale. "Dada yangu, mali ikishatoka mkononi mwangu hairudi," alisema, kisha akaanza kunisifia nyingine aliyonayo. Nilikata.

"Subhanallah," shangazi alisema taratibu. "Pesa yangu imeota kutu kabla ya mabati."

Safari hii hakuna aliyecheka.

Sasa ilibidi pesa iliyotengwa kwa ajili ya prosesa inunue prosesa na memori pia. Fundi alisema memori imepanda bei siku hizi, kila mtu duniani anaigombania. Akaziweka prosesa zake mbili juu ya kitambaa cha meza, kila moja ndogo kuliko biskuti. Moja ilikuwa na nguvu zaidi, na mdogo wangu alikuwa ameisoma habari zake simuni mpaka akaijua kama shairi la shule. Lakini hiyo haitoi picha yenyewe. Inahitaji kadi ya picha ya kununuliwa kando, na kadi hiyo inauzwa ghali kuliko prosesa yenyewe. Ya pili ilikuwa na nguvu ndogo, ila picha inatoa.

"Dada, hiyo ndogo ni ya kuandikia barua," mdogo wangu alisema. "Vijana watanicheka mpaka wachoke. Tuchukue hii kubwa na memori kipande kimoja. Kadi tutaiongeza baadaye."

"Bila kadi, kwenye kioo tutaona nini?"

Akaisogeza ile kubwa karibu yake.

"Nakuuliza. Tutaona nini?"

"Giza," alijibu fundi kwa niaba yake.

"Na baadaye ni lini? Mvua itaisubiri baadaye yako?"

"Wewe hujui gemu, Dada."

"Sijui. Ninajua nani alitupa pesa."

Shangazi alikuwa amekaa kwenye mkeka, akikunja na kukunjua pindo la kanga yake. Ningeona nafuu kama angenikaripia. Nikamgeukia fundi. "Nieleze kwa haki. Hii ndogo, mpira utachezeka?"

Fundi alijikuna shingo. "Utachezeka. Nyasi hazitapendeza." Halafu akaongeza kwamba prosesa ile, kwa kuwa haina memori yake ya picha, hujichotea kwenye memori ya kompyuta. Kwa hiyo tukiichukua hiyo, tusibane kwenye memori. Na tununue vipande viwili vidogo badala ya kimoja kikubwa, kwa sababu viwili husaidiana na mashine inakimbia zaidi. Alikuwa navyo kwenye begi, vilivyotumika lakini vizima. Memori yetu iliyokataa angeichukua kwa bei ndogo, awawekee wenye kompyuta za zamani. Hata hivyo pesa haikutosha. Kilichopungua alisema nitamlipa taratibu.

"Unakopa ili ulipe mkopo?" shangazi aliuliza. Hakuuliza kwa ukali. Aliuliza kama mtu anayeuliza njia.

Nikamwambia fundi, "Funga hiyo ndogo. Na vipande viwili." Mdogo wangu akatoka nje akasimama barabarani, mgongo umeelekea kwetu.

Fundi alipobonyeza kitufe, feni ilizunguka. Kioo kikabaki cheusi. Tulisubiri. Mdogo wetu wa mwisho alinishika mkono, nami nikaona kama nasikia mvua, kumbe ni feni. Fundi akazima, akaking'oa kipande kimoja cha memori, akakipuliza, akakirudisha mpaka kikalia. Akawasha tena. Shangazi alisoma Bismillahi kwa sauti. Kioo kikatoa maandishi meupe.

Gemu la mpira fundi alikuja nalo kwenye diski yake. Mwanzoni wachezaji walikuwa wanarukaruka kama wamekanyaga mchanga wa saa saba. Mdogo wangu alikuwa amerudi ndani bila sisi kumwona. Akamwomba fundi kiti, akaingia kwenye mipangilio akapunguza hiki na kile: vivuli, watazamaji, nyasi. Uwanja ukawa wa kijani mtupu kama kitambaa cha meza. Mpira ukatembea.

"Inacheza," alisema, bila kunitazama.

"Ndio hao mabati yangu?" shangazi aliuliza, akakisogelea kioo. "Mbona wanakimbia?"

Wateja walikuja, ila si nusu ya stendi kama tulivyopanga. Wengine waliangalia nyasi, wakacheka, wakaondoka. Watoto wadogo wasio na haraka walibaki, na mdogo wangu anawavumilia kuliko nilivyotegemea. Fundi nimemaliza kumlipa.

Masika hayakungoja. Usiku wa mvua ya kwanza kubwa shangazi aliweka masufuria kitandani, na asubuhi nikaenda Kaole kumchukua. Sasa analala chumbani kwangu, upande wa ukutani. Chumba cha mbele vijana wanapiga kelele za goli, yeye huku anavuta shuka na kuniuliza, "Leo wamecheza wangapi?" Namtajia. Anahesabu kwa vidole ndani ya shuka, nami nalala macho wazi nikimsikiliza. Hajawahi kuniambia nimlipe. Bado sijamlipa.