Wimbo wa Mwisho wa Upande wa Pili

Nyumbani kwetu Kaloleni, hapo Voi, tulikuwa na kaseti nne za mwimbaji mmoja wa Kihindi, na hakuna hata mmoja wetu aliyejua Kihindi. Zilikuwa mkusanyiko wa nyimbo zake za sinema za zamani, namba moja hadi namba nne. Baba alizipata kwa Mhindi mwenye duka la vitambaa alikokuwa akifanya kazi ya kupima na kukata. Siku Mhindi yule alipofunga duka ahamie Mombasa, alimpa baba redio kaseti, koti moja kuukuu, kofia ya kahawia na zile kaseti nne.

Kila kaseti ilikuwa na karatasi yenye picha. Waigizaji sita, wanaume wazuri wa nywele zilizopakwa mafuta, na kwenye kona, ndogo kama stempu ya barua, picha ya mwimbaji mwenyewe, mtu wa miwani na tai. Baba alipenda kuwaelezea wageni.

"Hawa sita wanafungua midomo tu," alisema. "Sauti yote ni ya huyu wa kona."

"Yeye kwenye sinema yuko wapi?"

"Hayuko. Haonekani hata mara moja."

Wageni walicheka, wakasema Wahindi ni watu wa mambo. Mimi nilikuwa darasa la tatu, na nilikuwa nikigeuza karatasi ile itazame ukuta ili yule wa kona asinitazame.

Kaseti ya nne ilikuwa na kasoro. Aliyeirekodi alikuwa na nyimbo nyingi kuliko utepe, kwa hiyo wimbo wa mwisho wa upande wa pili ulikatika. Ubeti wa kwanza ulipita vizuri, wa pili ukapita, kisha mwimbaji akavuta pumzi, unamsikia kabisa akivuta, akapanda kwenye ubeti wa tatu, na neno moja tu likatoka. Tak. Kitufe kikaruka. Baba hakuvumilia hiyo tak. Wimbo ukikaribia pale aliinuka popote alipokuwa, akapunguza sauti kidogo kidogo mpaka ikawa haisikiki, ndipo akazima. Hakuna aliyemwuliza kwa nini. Ilikuwa desturi ya nyumba, sawasawa na kufunika mtungi.

Jumamosi moja alasiri baba alikuwa nje akizungumza na jirani kuhusu mabati. Mama alikuwa ndani akipiga pasi shati lake la kanisani kwa pasi ya makaa. Nyanya, mama yake mama, alikuwa ameteremka kutoka Werugha kutuletea kabichi na maziwa, amekaa mkekani amenyoosha miguu. Redio ilikuwa ikiimba, na sisi sote tuliisahau. Nilisikia pumzi. Nikasikia lile neno moja. Tak.

Mama alibaki amesimama na pasi mkononi. Kisha mabega yake yakaanza kupanda na kushuka, haraka haraka, kama ya mtu anayepepeta. Kichwa kikawa kinakwenda kushoto na kulia, na pumzi zikawa zinatoka kwa meno, "hsi, hsi, hsi." Macho yalikuwa wazi, yakitazama ukuta. Harufu ya shati linaloungua ikajaa chumbani. Nyanya aliinuka, akamtoa pasi mkononi, akamshika kisogo kwa kiganja.

"Saka," alisema, kwa sauti ya mtu anayesema mvua inakuja.

Nilikuwa nimewahi kusikia habari za saka. Zamani huko milimani iliwashika wanawake wengi, na iliwashika kwa vitu vigeni: mlio wa treni, harufu ya sigara, kiberiti kikiwashwa mbele ya mtu. Kitu kinaingia, kisha kinataka. Dawa yake ni kukiuliza kinataka nini, na kukipa.

"Wataka nini?" nyanya alimwuliza mama.

Mama aliimba. Aliimba maneno ya Kihindi, moja moja, hakuna lililopotea, yeye ambaye hata jina la mke wa mwenye duka lilimshinda kutamka. Aliimba ubeti wa pili, akavuta pumzi kama yule mtu, akatoa neno moja, akanyamaza. Halafu akaanza tena ubeti wa pili. Tena. Tena.

Baba aliingia mbio. Nyanya hakumtazama.

"Baba watoto, mwisho wa huo wimbo uko wapi?"

"Hauko, mama. Utepe umeishia hapo."

"Basi huyo mtu wako ameingia, na mlango ukafungwa nyuma yake. Atatokea wapi?" Akaielekezea kidevu karatasi ya kaseti. "Ulisema ana midomo sita. Sasa ana wa saba."

Waliitwa wanawake watatu waliotoka kwetu milimani, waliokaa hapo Kaloleni. Wakamvika mama koti na kofia ya kahawia, wakampa fimbo ya kutembelea, wakapiga debe kama ngoma na kumchezesha uani mpaka jua likazama. Jirani wa mabati, mtu wa bara, alisimama kwenye ua akauliza kama hiyo ni harusi. "Ndiyo," mmoja wa wale wanawake alimjibu, "na bwana harusi haonekani, kwa hiyo rudi kwako." Mama alipochoka, nyanya alimtaka baba aahidi mbele ya wote kwamba atautafuta mwisho wa wimbo na kuuleta. Baba aliahidi. Mabega yakatulia papo hapo, mama akaomba maji, akauliza nani ameunguza shati.

Baba alitafuta kweli. Alikwenda Mombasa kwa mwajiri wake wa zamani, akakuta amekwisha hamia ng'ambo. Alinunua mikusanyiko mingine ya mwimbaji yule, kila aliyoiona, na katika yote wimbo huo ulikuwa umepunguzwa ili nyingine zipate nafasi. Mmoja uliruka kutoka ubeti wa pili hadi vinanda. Katika mwingine sauti ilipungua taratibu, kama vile alivyofanya baba kwa mkono, ikapotea. Nyanya alisikiliza huo, akatikisa kichwa. "Huku ni kuondoka. Sikusema kuondoka, nilisema kuisha."

Saka ilirudi kila baada ya miezi michache, halafu mama akaokoka. Alizichoma kaseti zote kwa mkono wake mwenyewe nyuma ya choo, na kwa miaka mingi hatukuliona wala kulitaja jambo hilo. Nyanya alifariki. Baba alistaafu, wakahamia Werugha kwenye shamba la mama. Mimi nilimaliza kidato cha nne, nikaondoka, na sijawahi kukaa mahali zaidi ya miaka miwili. Nimepika kwenye kambi za wajenga barabara, nimeuza nguo Mtito, nimefua mashuka ya hoteli Malindi, nimeuza mboga Isiolo. Watu huniuliza natafuta nini. Huwa nacheka. Ukweli ni kwamba nikikaa mahali hadi nikapazoea, alasiri moja nikiwa naosha sufuria, nasikia mtu akivuta pumzi. Si kwa masikio. Lakini nasikia, na linakuja lile neno moja, na kesho yake naanza kukunja nguo.

Mwaka jana baba alifariki. Tulipomzika pale juu ya shamba na watu wakatawanyika, mama aliketi jikoni, na mabega yakaanza. Miaka thelathini na zaidi imepita, na alianzia palepale, ubeti wa pili. Daktari wa Wundanyi alisema ni presha, na akasema kwa upole kwamba mtu wa umri ule akishikwa hivyo mara nyingi, kuna siku hatainuka. Nilikaa wiki mbili, kisha nikarudi Taveta nilikokuwa nikiuza ndizi. Sijivunii hilo.

Miezi sita baadaye kaka yangu alinipigia. Yeye ndiye aliyebaki na mama, na ni mzee wa kanisa.

"Uko wapi siku hizi, au umehama tangu jana?"

"Niko Taveta bado."

"Ajabu. Sikia. Mama ana siku kumi na mbili hajainuka kitandani. Hali chakula, anaimba tu, na sasa hata sauti haitoki, ni midomo. Nimeomba mpaka nimekauka koo. Kama kuna kitu unajua, dada yangu, kifanye. Mimi sitauliza."

Nilijua anamaanisha nini. Msomaji ataniambia siku hizi kila wimbo uko kwenye simu, ningeweza kuupata miaka mingi iliyopita. Ni kweli. Sikuutafuta kwa sababu niliogopa kuusikia.

Sokoni Taveta kulikuwa na mzee anayejazia watu nyimbo kwenye memori kadi. Nilisimama mbele ya meza yake, nikaangalia kushoto na kulia, nikauimba kwa pua, ubeti wa kwanza tu.

"Mama wa ndizi!" alisema. "Kumbe wewe ni mtu wa sinema! Huyo ninazo zake zote, nyimbo mia na mbili, za filamu tupu, kama zilivyorekodiwa mwanzo. Hazijakatwa."

"Una hakika hazijakatwa?"

"Zikiwa zimekatwa niletee, nitakuimbia mwenyewe zilizobaki."

Nilifika Werugha saa nane mchana. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye matuta ya mboga, ng'ombe wa jirani nilimsikia tu, sikumwona. Kaka alikuwa amesimama nje chini ya paa. "Mimi sitaingia," alisema, "lakini sitaondoka pia."

Mama alikuwa amelala chali, mdogo kuliko nilivyomwacha. Macho wazi, yakitazama ukuta. Midomo ilikuwa ikienda bila sauti, na kwa mara ya kwanza nikaona amefanana na wale sita wa kwenye karatasi. Kofia ya kahawia ya baba ilikuwa bado kwenye msumari. Nilikaa kando ya kitanda, nikautafuta wimbo, nikauwasha.

Sauti ilikuwa safi mno, sikuizoea bila ile mikwaruzo. Midomo ya mama iliingia sambamba nayo mara moja, neno kwa neno. Ubeti wa kwanza. Wa pili. Kisha yule mtu akavuta pumzi, na mama akavuta, na nikasikia nami nimevuta. Likaja lile neno. Likafuata la pili.

Nilitegemea mama atanyamaza hapo, kwa kuwa hakuna mahali alipowahi kuusikia ubeti ule. Hakunyamaza. Sauti yake ilirudi, nyembamba, ya kukwaruza, akauimba ubeti wa tatu wote, mbele kidogo ya mwimbaji, kila neno likitangulia kwake kabla ya kutoka kwenye simu. Vinanda vikapanda, vikashuka, vikakoma. Kimya. Mama alifumba macho, akayafumbua.

"Kumbe ulikuwa umebaki mfupi hivyo," alisema.

Nilitaka kulia na kucheka. Nilisahau kwamba nyimbo zile zilikuwa mia na mbili na zinafuatana. Simu mkononi mwangu ikaanza mwingine, filimbi kwanza, kisha yule mtu akaingia kwa sauti ya chini, karibu sana, na mimi kwa hofu nikabonyeza kidole. Nikamkata katikati ya neno.

Mama alinitazama. "Mbona umekata?"

Bega langu la kushoto, la mkono ulioshika simu, lilikuwa limeanza kupanda na kushuka. Nililitazama kama bega la mtu mwingine. Nikasikia meno yangu, "hsi, hsi," na nje kaka akaniita kwa jina mara mbili.

Ndipo mama, ambaye alikuwa hajainuka siku kumi na mbili, alishusha miguu sakafuni, akashika ukuta, akatembea hadi kwenye msumari. Alinivika ile kofia, akaivuta hadi masikioni. Ilikuwa na harufu ya baba na moshi. Akanishika kisogo kwa kiganja.

"Tulia, mwanangu. Washa. Tutasikiliza mpaka mwisho."

Tuliusikiliza mpaka mwisho, na bega likatulia. Kisha mama akaniambia nijifunze kuzima kati ya wimbo na wimbo, pale penye kimya, na ndivyo ninavyofanya. Kila alasiri tunasikiliza nyimbo mbili tatu. Kidole kinakaa tayari. Kimya kile ni kifupi, sekunde mbili hivi, na ndani yake huwa najua kabisa kwamba kuna mtu anasubiri.

Nina karibu mwezi sasa hapa Werugha. Mama anakula, anapalilia, anamtania kaka kwamba maombi yake yalihitaji betri. Kuhesabu nyimbo ni kazi yake. Kwenye sahani ya bati aliweka maharagwe mia na mbili, na kila wimbo ukiisha anatoa moja, anasema zikiisha nitakuwa huru kwenda ninakotaka. Hajasema yeye atakuwa nini.

Jana tulimaliza wa sitini na tatu. Mama alipotoka kwenda kwa ng'ombe niliyahesabu yaliyobaki. Yalipaswa kuwa thelathini na tisa. Yalikuwa hamsini na moja. Nikayarudisha kwenye sahani kama nilivyoyakuta.