Leonia, mama wa shubiri anayekimbiwa na watoto wa Ujiji

Saa moja asubuhi, Leonia Vedasto yuko barazani kwake Ujiji, anakata jani la mshubiri karibu na shina. Utomvu wa njano unachuruzika kwenye kisahani. Mbele yake ameketi jirani yake, Scola, amempakata mwanawe wa miaka miwili.

Leonia anachovya kidole, anampaka Scola kwenye chuchu, anarudi nyuma. Mtoto ananyonya mara moja, anakunja uso, anaangua kilio. Halafu anamkodolea macho Leonia, si mama yake.

"Ndivyo wanavyonitazama wote," anasema Leonia akinawa mikono. "Mama anasamehewa jioni hiyohiyo. Mimi sisamehewi."

Mjane huyu wa miaka 62 aliirithi kutoka kwa mama mkwe wake kazi ya kuachisha watoto kunyonya, pamoja na mche wenyewe. Mshubiri umezoea nchi kame za jangwa na mvua za Kigoma huuozesha, hivyo ameupanda kwenye sufuria lililotoboka, chini ya upenu. Ujira wake ni kisado cha dagaa.

Akina mama wangeweza kujipaka wenyewe. Lakini mtaani kwake wanaamini lazima apake mtu baki, ili mtoto asimchukie mzazi. Chuki hiyo yote anaibeba Leonia. Tena wanamtonesha: mtoto akigoma kula, hutishiwa, "Namwita Bibi Shubiri!"

Sokoni wanawake wanamchangamkia kwa salamu ya Kiha: "Mwakeye, Mama Jovita!" Watoto wao wanajificha nyuma ya khanga. Watu wanacheka. Haichekeshi.

Binti yake pekee, Jovita, alipanga kuja Jumamosi hii kwa boti kutoka Kagunga na mwanawe Feliksi, mjukuu ambaye Leonia amemwona kwenye simu tu. Jovita anataka mama yake amwachishe.

"Nilimwambia siwezi. Akasema, 'Watoto wa watu unawaachisha, wangu unamkataa?' Akakata simu." Tangu hapo Jovita hapokei, na Leonia hajui kama watakuja.

Hata hivyo ameshatandika kitanda, na amemwomba Scola ampake Jovita badala yake.

"Basi sasa nitakimbiwa mimi," Scola anatania, kisha anakubali.

"Nitakaa nje mpaka Feliksi alie," Leonia anamwambia. "Akilia ndiyo niingie, nimbebe, nimbembeleze. Huyu mmoja tu, mwanangu. Huyu mmoja akilia, akimbilie kwangu."