Dole la Dobi

Wifi alinivuta gauni. "Hebu kaa basi. Utachimba shimo hapo kwa kuzungukazunguka."

Sikuweza kukaa. Ilikuwa siku ya mwisho ya kukagua daftari la wapiga kura, na jina langu halikuwemo kwenye karatasi zilizobandikwa ukutani mwa ofisi. Nilizipitia mara tatu kwa kidole. Kinyozi wa mtaani kwetu alikuwemo. Hata muuza mkaa, tuliyemzika mwaka jana, alikuwemo. Mimi ninayepumua, simo.

Sababu niliijua. Nilifungwa miaka miwili.

Nilikuwa dobi wa nyumba ya wageni, miaka kumi na sita nimeinamia karai. Shuka zikaanza kupungua kabatini. Siku moja meneja akaniita, akanisogezea karatasi na kidau cha wino. "Ya likizo yako hii, mama. Weka dole." Nikafuta povu mkononi, nikaweka dole, nikashukuru. Nilishukuru! Mahakamani ikasomwa kwamba nimekiri kuiba shuka arobaini. Hakimu akauliza kama dole ni langu. Nikasema ni langu.

Nilipotoka gerezani nilizikuta shuka zilezile zimetandikwa kwa shemeji yake meneja, na viraka nilivyotia kwa mkono wangu. Meneja hajawahi kukosa kupiga kura.

Gerezani, mwanamke tuliyelala mkeka mmoja alinifundisha herufi kwa kipande cha sabuni juu ya sakafu. Na redioni nilisikia kwamba aliyemaliza kifungo hurudishiwa haki yake ya kura akileta barua ya kuachiwa. Barua nilikuwa nayo kifuani.

Zamu yangu ikafika. Karani alikuwa na kola iliyopigwa pasi upande mmoja. Aliifunua barua, akaifunga bila kuisoma, akatoa fomu na kidau.

"Weka dole hapa, mama, tulishughulikie jina lako."

Mkono ukanitangulia. Niliposikia ubaridi wa wino ndipo nikashtuka, nikaurudisha.

"Nisome kwanza."

"Mama, watu wanangoja."

"Mimi nimengoja miaka miwili."

Kinyozi wetu, naye alikuwa kwenye foleni, akapaza sauti nyuma yangu. "Akimaliza hiyo mpeni na gazeti!" Watu wakacheka.

"Wewe nyoa vichwa vyako," wifi akamjibu. "Huyu mwache."

Nikasoma kwa sauti, maana kimoyomoyo bado siwezi. "Mi-mi... na-ku-ba-li... ji-na... la-ngu..." Neno lililofuata lilikuwa refu. Nikalirudia mara mbili. "Li-o-ndo-le-we."

Kicheko kikakatika.

"Mliotoka huko wote mnatia dole fomu hiyo," karani akasema. "Ndiyo niliyopewa."

"Wangapi wameshatia?"

Kando yake palikuwa na rundo la karatasi, kila moja na doa lake jeusi.

"Bwana, fomu ya kurudisha jina haipo?" Kinyozi tena, sasa hacheki.

"Ipo kabatini."

"Kwani kabati litakufuata?" kinyozi akamuuliza.

Karani akainuka. Fomu ilipokuja nikaisoma nayo, mpaka nukta ya mwisho. Nikaomba kalamu.

"Dole linatosha, mama."

"Halitoshi."

Niliandika jina langu, herufi zimelala ubavu. Akagonga muhuri. Jibu Ijumaa, akasema. Siuamini muhuri wala Ijumaa, na Ijumaa nitakuwa pale kabla hajafungua mlango.

"Twende nyumbani sasa," wifi akasema.

Lakini mzee mmoja alikuwa anaingia, mkononi ana barua iliyokunjwa mara nne kama yangu, na muhuri uleule wa gereza. Nikamshika mkono.

"Baba, unajua kusoma?"

Akatikisa kichwa.

"Basi usiguse wino mpaka nikusomee."

Wifi akashusha pumzi, akatafuta benchi. Mimi nikarudi kwenye foleni na mzee wangu, nikilisugua dole kwenye gauni. Gauni safi, nililofua mwenyewe asubuhi, nikalitia doa, na sikuacha kusugua.