Margaret Wawili Nyumba Moja

Elspet Mair alikuwa na umri wa miaka hamsini na mitatu, na kwa miaka thelathini na sita kati ya hiyo aliitwa dada na mtoto aliyemzaa mwenyewe.

Alimzaa akiwa na miaka kumi na saba, kijijini Portlennoch, pwani ya kaskazini ya Uskoti, mahali ambapo kila mtu anaijua mashua ya mwenzake na dhambi ya mwenzake. Mama yake, Williamina, hakupiga kelele. Alimpeleka kwa shangazi Glasgow kabla tumbo halijaonekana, akamrudisha na kichanga, akawaambia majirani kichanga ni chake yeye. Majirani wakasema hongera. Hakuna aliyeamini. Baba wa mtoto alikuwa Sandy Coull, mwana wa mzee wa kanisa. Siku hizi Sandy naye ni mzee wa kanisa, anakaa kiti cha mbele, na akikutana na Elspet dukani humgusia kofia kama mtu mwenye adabu zake.

Elspet aliacha shule akaingia kiwanda cha samaki. Kisu kilimchora vidole vyote kumi. Mtoto, aliyeitwa Williamina kama bibi yake na kufupishwa Mina, alisoma akawa mwalimu, akaolewa. Mama alipougua, ni Elspet aliyemwosha na kumlisha. Siku ya mwisho mama alimshika mkono. Elspet akainama, akidhani atasikia asante, au nisamehe. Mama akasema, "Usimwambie." Akafa.

Miezi mitatu baadaye Mina akaanza kuchora mti wa ukoo. Alitaka uchapwe na kugawiwa kwa jamaa siku ya kuweka jiwe la kaburi. Alimletea Elspet rasimu jikoni, akaitandaza juu ya meza. Chini ya jina la mama yalikuwapo majina mawili, Elspet na Williamina mdogo. Chini ya Elspet paliandikwa: Hakuolewa. Hakuwa na mtoto.

"Lazima uandike hivyo?" Elspet aliuliza.

"Si ndiyo kweli, dada? Usione haya. Wapo wengi."

Tangu siku ile Elspet hakutaka kitu kingine duniani ila maneno yale yasichapwe.

Jumamosi moja Mina akamwomba amsindikize maktaba ya mjini, kwenye chumba cha kumbukumbu. Walipanda basi, wakabeba chai ya chupa na mikate ya shayiri. Bi Farquhar, mtunza kumbukumbu, aliwapokea kwa mzaha wake wa kila siku.

"Karibuni, akina Mair. Wafu wenu wamenijazia makabati mawili. Hamkuwa na kazi nyingine zaidi ya kuzaana?"

"Baridi ilikuwa kali, Bi Farquhar," Mina akajibu.

"Ulianza na cheti chako mwenyewe cha kuzaliwa? Mimi huwaambia wote, anza na ulicho nacho mkononi, ndipo urudi nyuma."

"Ah, mimi najijua. Nina kile cheti kifupi, kinanitosha."

Cheti kifupi hakina majina ya wazazi. Elspet aliangalia viatu vyake.

Mina alikaa kwenye mashine ya kusomea filamu za kumbukumbu akawa anazungusha gurudumu, na kurasa za sensa ya mwaka 1861 zikapita kwenye kioo. Mwandiko ulikuwa mwembamba, kama miiba ya samaki. Mara akacheka.

"Njoo uone, dada. Hawa ndio wetu. Bibi Margaret, mjane, miaka hamsini na mmoja. Binti zake: Christian, kumi na tisa, Margaret, kumi na minne, halafu tena Margaret, miezi minne! Karani alikuwa amelewa. Kaandika mtoto mmoja mara mbili."

Elspet akasogea. Hakuweza kuusoma mwandiko ule, lakini kusikia alisikia.

"Hakulewa," alisema. "Kwa desturi yetu, mtoto wa kwanza wa kike huitwa nani?"

"Jina la mama wa mama yake. Hilo si linajulikana? Wa pili, jina la mama wa baba."

"Na jina linarudiwa lini katika watoto wa mama mmoja?"

"Wa kwanza akifa."

"Huyu wa miaka kumi na minne amekufa?"

Mina akatazama kioo. "Kumbe kichanga ni cha Christian," akasema polepole. "Amepewa jina la bibi yake. Na bibi akamwambia karani ni binti yake."

"Karani huandika anachoambiwa mlangoni."

Bi Farquhar akaenda kuleta daftari la wazee wa kanisa la miaka ile. Mina akalifungua juu ya mto wa kulazia vitabu vikuukuu, akatafuta, akapata, akasoma kwa sauti ya chini. Christian Mair aliitwa mbele ya wazee. Aliulizwa mtoto ni wa nani. Akamtaja kijana, mwana wa mmoja wa wazee waliokaa pale pale. Kijana akaitwa, akakana. Wazee wakaona neno la kijana linatosha. Christian akakemewa, akatengwa na meza ya Bwana kwa mwaka mzima.

"Mbwa hao," alisema Mina. Alichukua penseli, akafuta, akachora upya: kichanga kikashuka chini ya Christian. "Basi, mama yake amempata, baada ya miaka mia na thelathini na minne. Lakini dada, hata huyu Christian namlaumu. Unakaaje nyumba moja na mwanao, anakuita dada asubuhi hadi jioni, nawe unameza tu? Ni woga ule. Mimi nisingeweza."

Mzigo wa mwenzio kwako ni kanda la usufi. Elspet alikuwa amemeza kwa miaka thelathini na sita, na safari hii hakumeza.

"Mimi niliitwa Elspet, jina la mama wa mama," alisema. "Wewe ulikuwa wa pili. Zamu ilikuwa ya mama wa baba, Barbara. Kwa nini hukuitwa Barbara?"

Mina akashusha penseli hadi kwenye jina lake mwenyewe, Williamina, chini ya Williamina mkubwa.

"Mama alinikataza," Elspet akasema.

Bi Farquhar, aliyekuwa akipanga masanduku ya filamu, alitoka chumbani taratibu na kuvuta mlango.

Ndani ya basi Mina alikaa dirishani, mkoba mapajani, ameukumbatia kwa mikono miwili. Walipita mashamba ya shayiri, wakapita mnara wa kanisa.

"Nani mwingine anajua?"

"Kijiji kizima."

"Kwa hiyo wote walikuwa wananicheka."

"Walinicheka mimi. Wewe walikuonea huruma."

Hakuuliza jina la baba. Walipofika kituoni, Mina alishuka kwanza, akageuka. "Kwaheri, Elspet," alisema. Hakumwita dada. Neno lile lingine halikuja.

Hakuja Jumapili kama ilivyokuwa desturi yake, wala Jumapili iliyofuata. Siku ya kuweka jiwe la kaburi alisimama upande wa pili na jamaa wa mumewe, na hakugawa karatasi yoyote. Kisha posta ikaleta bahasha ndefu bila barua ndani, ila mti wa ukoo peke yake, umechapwa vizuri kwa wino mweusi.

Elspet aliutandaza juu ya meza ya jikoni. Kichanga cha mwaka 1861 kilikuwa chini ya Christian, mahali pake. Chini ya Williamina mkubwa yalikuwapo majina mawili, kama mwanzo: Elspet, na Williamina mdogo. Yale maneno, kwamba hakuwa na mtoto, yalikuwa yameondolewa. Chini ya jina lake hapakuandikwa kitu, nafasi nyeupe tu, upana wa vidole viwili, ya kutosha jina moja.

Alitafuta kalamu kwenye droo ya visu, akaipata, akakaa nayo mkononi hadi chai ikapoa. Kisha akairudisha kalamu drooni bila kuandika.